Shingo ya Kukodi: Sindano ya Daktari

Tofali alikuwa kifudifudi, mdomo umejaa nyasi, na juu yake kilima cha wanaume waliokuwa wakihema kama mashine za kusaga. Skramu ya mwisho ya mechi ya raga, ule msukumano wa vichwa na mabega, ilikuwa imeporomoka. Yeye ndiye aliyekuwa msingi.

Waliokuwa juu wakaondoka mmoja mmoja. Tofali akajiamuru: inuka. Miguu ikatii. Mkono wa kulia ukatii.

Mkono wa kushoto ukabaki palepale kwenye nyasi, umetulia kama wa mtu mwingine.

"Tofali." Aliyenong'ona alikuwa Ndoano, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele. Kwa misimu yote waliyoichezea timu ya Vumbi, masikio ya wawili hawa yamesuguana kuliko ya mume na mke. "Nimesikia shingo yako imelia."

"Imelia vipi?"

"Kama biskuti."

"Basi nawe ulikuwa na njaa. Ninyanyue taratibu, upande wa kushoto, jifanye unanipongeza."

Ndoano akamkumbatia, akamnyanyua. Watu wakapiga makofi. Hawakujua wanapigia makofi mzigo.

Na kwa nini mtu afiche shingo inayolia? Kwa sababu jukwaani alikuwa amekaa bwana mmoja ambaye mtaa mzima ulimsubiri kama mvua: kocha wa Radi. Radi ndiyo timu ya kulipwa. Radi wana uwanja wenye taa, basi lenye mapazia, na mpishi wao wenyewe. Vumbi wana uwanja nyuma ya kiwanda cha mbao, na chumba cha kubadilishia nguo ambacho zamani kilikuwa kontena la mitumba. Mpaka leo kinanuka soksi za watu wasiojulikana.

Kocha huyo walimwita Mluzi. Si kwa kelele, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Akimtaka mchezaji, hupiga mluzi mdogo, mmoja tu, na mchezaji huja mwenyewe.

Akapiga.

Tofali akaenda. Mkono wa kushoto akauchomeka kwenye kiuno cha bukta, kama mtu mwenye maringo.

"Unacheza namba moja," Mluzi alisema, kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Nguzo ya kushoto. Ya kwangu imefungiwa kwa kumpiga mtu ngumi. Njoo Alhamisi upimwe afya. Ukipita, Jumamosi unavaa jezi yetu kwenye fainali."

"Nitapita, kocha."

"Unaumwa popote?"

"Sina hata mafua."

Mluzi akautazama mkono uliochomekwa kwenye bukta. Akautazama kwa kitambo. Kisha akatabasamu.

"Vizuri," akasema. "Napenda watu wasioumwa."

*

Jumatatu Tofali alikuwa kazini, kwenye duka la vioo la mjomba wake. Kazi ya vioo haitaki kifua. Inataka vidole. Mjomba anapitisha kisu cha almasi, Tofali anashika ukingo, na kioo kinakatika kwa mlio mmoja mtamu kama mtu anayefyonza meno.

Dada yake, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliingia kuomba kipande cha kioo cha wateja kujitazamia. Akasimama mlangoni.

"Wewe, unavuja."

"Navuja nini?"

"Damu, mdogo wangu. Au umeanza biashara ya juisi?"

Tofali akatazama chini. Ukingo wa kioo ulikuwa umezama kwenye kiganja chake cha kushoto, matone yanadondoka juu ya meza ya kukatia. Na yeye bado ameshika, anaimba wimbo wake, anasubiri amri.

Mjomba akaweka kisu chini. "Kishushe," akasema. "Polepole. Haya, achia. Haiumi?"

"Haiumi."

"Hata kidogo?"

"Mjomba, sisi wa raga ngozi zetu zimezoea..."

"Zimezoea nini? Hata kifaru anajikuna!"

Dada alikwisha kumkalisha na kukifunga kiganja kwa kipande cha kitambaa. Alipomaliza hakuuachia mkono. Akakiminya kidole gumba kwa kucha zake zote.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mechi. Ni ganzi tu, dada, itaisha."

"Ganzi ya nani? Nani kakudunga?" Akasimama. "Vaa viatu, twende hospitali."

"Baada ya Jumamosi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Dada, nisikilize. Radi hawakuwahi kufika uwanjani kwetu kabla ya siku ile, na hawatarudi. Umri wangu unakwenda. Mwakani watataka vijana waliozaliwa juzi. Nikiikosa hii, nitashika vioo mpaka nizeeke."

"Na kushika vioo kuna ubaya gani?" mjomba aliuliza.

"Samahani, mjomba."

"Usiniombe mimi samahani, kiombe kioo. Kioo kina adabu kukushinda. Kikipata ufa, kinakuonyesha. Wewe una ufa na unaupaka rangi."

Dada hakucheka. Alikuwa amelikunja vazi alilokuja nalo kutoka cherehanini, analikunja tena, na tena.

"Mguu ukivunjika utaegemea mwingine," alisema. "Shingo Mungu alitoa moja. Ikikatika, nani atakulisha kwa kijiko? Nani atakugeuza kitandani, na huo mwili wako kama gunia la saruji? Ni mimi. Umeniuliza kama niko tayari?"

Tofali akanyanyuka, akarudi kwenye meza ya kukatia.

"Basi Jumamosi siji," dada akasema. "Sitakaa kitini kuangalia mtu anajichimbia kaburi."

*

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini linasikia ujanja vizuri sana. Jumatano Tofali alikuwa ndani ya kontena la Vumbi, na mwalimu alikuwa Ndoano.

"Radi wana kidude cha kukamua," Ndoano alieleza. "Unakamua kwa kulia, mshale unapanda. Unakamua kwa kushoto, mshale unapanda. Halafu wanalinganisha. Hawa watu hawajui nguvu zako, wanaangalia tofauti tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ule wa kulia ukamue kivivu. Mkono mmoja mvivu ni ugonjwa. Mikono miwili mivivu ni tabia."

"Umejifunza wapi haya?"

"Wachezaji wote wanafanya. Hata kile kipimo cha kichwa. Mwanzo wa msimu wanakuuliza maswali, unajifanya mjinga, ili siku ukigongwa usionekane umepungua."

"Na wewe ulijifanya mjinga?"

"Mimi sikuhitaji."

Wakacheka mpaka bati la kontena likaitikia. Kicheko kilipoisha, Ndoano hakuwa tena na uso wa utani.

"Lakini ile biskuti, Tofali."

"Usianze."

"Namba moja, mkono wa kulia unanishika mimi, rafiki yako. Wa kushoto ndio unaomshika adui. Usipomshika, skramu inaanguka. Ikianguka, inakuangukia wewe kichwani."

"Naijua kazi yangu."

"Najua unaijua. Nasema ili nisije nikasema sikusema."

*

Chumba cha daktari wa Radi kilikuwa cheupe mpaka kinaumiza macho. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba asiye na haraka, na mikono baridi kama bomba la asubuhi.

Kidude kikaja. Mkono wa kulia Tofali aliukamua kivivu, kama mtu anayemsalimia baba mkwe. Mshale ukapanda nusu. Mkono wa kushoto akaukamua kwa roho yake yote, meno yamebana, jasho linamtiririka mgongoni. Mshale ukajikokota, ukafika jirani na pale pa kwanza.

Moyoni Tofali akamshangilia Ndoano.

"Mwanamume ana shingo kama pipa," daktari alisema, "halafu anashika kama mtu anayembembeleza kifaranga."

"Mimi mpole tangu utotoni, daktari."

"Naona. Sasa fumba macho. Nitakugusa vidole vya mkono wa kushoto. Nikikugusa, sema ndiyo."

Ndoano hakuwa amesema lolote kuhusu kufumba macho.

Tofali akafumba. Kimya. Akasikiliza pumzi ya daktari, akasikiliza mlio wa kiti, akabahatisha.

"Ndiyo."

Kimya.

"Ndiyo."

Akapata mwendo wake, kama mwanafunzi aliyeitwa kusoma kitabu ambacho hakukifungua. Anatulia kidogo, anasema. Anatulia kidogo zaidi, ili isionekane ni mtindo, anasema tena. "Ndiyo... ndiyo... hapo pia, ndiyo."

"Fumbua."

Sindano ilikuwa imesimama kwenye kidole gumba chake. Imezama, imenyooka, kama mlingoti unaongoja bendera. Na daktari alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, mikono ameikunja kifuani. Tangu ndiyo ya kwanza hakuwa amemgusa tena.

Haya. Umeonaje? Kama wewe ndiye Tofali, ungesema nini hapo? Yeye? Aliitazama tu sindano, akangoja kufukuzwa.

Daktari akainuka. Akaichomoa, akapangusa tone la damu kwa pamba, akapita mlango wa pembeni. Tofali akasikia minong'ono. Kisha akasikia mluzi mdogo, mmoja tu.

Daktari akarudi. Mlango aliuacha wazi nyuma yake, na hakumtazama Tofali usoni.

"Umesema huumwi popote?"

"N... ndiyo."

"Sema kwa sauti."

"Siumwi popote."

"Umepita."

"Nimepita?"

"Nimekwambia umepita. Vaa shati lako."

Tofali akavaa. Furaha ilikuja, lakini ilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba: ikabisha, ikachungulia, ikaondoka. Mtu gani anapita mtihani akiwa na sindano kidoleni?

Alipokuwa anatoka, daktari akamshika mkono wa shati.

"Una watoto?"

"Sina."

"Afadhali," daktari akasema, na kufunga mlango.

*

Jumamosi mchana. Chumba cha kubadilishia nguo cha Radi kina viti vya ngozi, na kila mtu ana kulabu yake ukutani. Jezi namba moja ilikuwa imetundikwa, imepigwa pasi, inamngoja. Tofali aliwahi kuiota jezi hiyo. Kwenye ndoto haikuwa nzito hivi.

Kwenye kona alikaa mtu mpana aliyeitwa Kabati, amevaa jezi ya akiba, anakunja taulo za wenzake. Alizikunja kwa vigasha vya mikono, jinsi mama mwenye unga viganjani anavyosukuma mlango. Vidole vyake vilining'inia tu, havina habari.

"Namba moja mpya?" Kabati aliuliza.

"Ndiye mimi, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Alikuchoma?"

"Nani?"

"Usinizungushe, mdogo wangu. Daktari. Alikuchoma sindano ukiwa umefumba macho?"

Tofali akatazama huku na huku. Wengine walikuwa wanafunga viatu, muziki unapiga masikioni mwao.

"Alinichoma."

"Ukasema ndiyo, ndiyo, ndiyo?"

"Nikasema."

"Ukapita?"

"Nikapita."

Kabati akaiweka taulo juu ya nyingine. "Na mimi nilipita," akasema.

Tofali akavitazama vidole vile vinavyoning'inia.

"Sikuelewi, kaka."

"Utanielewa. Timu inayotaka mchezaji wa kudumu naye miaka kumi ingekufukuza siku ileile, na ingekufanyia hisani. Hawa hawatafuti mchezaji. Wanatafuta shingo ya Jumamosi moja. Na shingo nzuri kuliko zote ni ya mtu aliyeificha mwenyewe. Ikivunjika, nani wa kulaumiwa? Si ulisema huumwi popote? Si ulisema kwa sauti, mlango ukiwa wazi?"

"Kwa nini basi wasicheze bila namba moja?"

"Sheria haitaki. Mstari wa mbele lazima wawe watu waliofunzwa. Wakiisha, refa anaamuru skramu za kusimama tu, hakuna kusukumana. Na Radi bila kusukuma ni mbwa asiye na meno. Wapinzani wetu wana mbio, wangetukimbia mpaka tuone aibu kurudi nyumbani."

"Na wewe, kaka? Mbona umevaa jezi?"

"Mimi ni pazia." Kabati alicheka kicheko kifupi. "Refa akikagua benchi anataka amwone namba moja wa akiba. Ananiona. Waliniapia sitakanyaga nyasi. Nakunja taulo, napata mshahara, watoto wanakula."

Mlango ukafunguka bila sauti. Mluzi aliingia, akamwekea Tofali mkono begani, upande wa kushoto, karibu na shingo. Akaubonyeza kidogo, kama mtu anayechagua embe sokoni.

"Nimewapelekea gari ndugu zako," alisema. "Mjomba na dada. Wamekaa mbele kabisa. Dada alikuwa mkaidi, lakini dereva wangu ana maneno mazuri."

"Kocha, nataka kusema jambo."

"Sema. Mimi nasikiliza. Ila kwanza nijibu: utakapolisema, utasema ulilijua tangu lini?"

Tofali akanyoosha mkono, akaichukua jezi kwenye kulabu. Mluzi akampigapiga bega.

"Napenda watu wasioumwa," akasema, na kwenda zake.

*

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Sauti yao haikuwa sauti tena, ilikuwa ukuta. Tofali alikimbia, akapokea mpira kwa mkono wa kulia, akaangusha mtu mmoja kwa bega la kulia, na umati ukaanza kuuliza huyu katoka wapi. Kwa dakika hizo chache alikuwa kila alichotaka kuwa.

Kisha mpira ukaanguka mbele, na refa akaonyesha alama ya skramu.

Mistari miwili ikakabiliana. Mbele ya Tofali lilisimama jitu lenye ndevu, shingo imekwenda moja kwa moja mpaka mabegani.

"Inama!" refa akaita.

Wakainama.

"Shika!"

Mkono wa kulia ukamshika mwenzake. Wa kushoto Tofali aliurusha kwenye jezi ya lile jitu. Akauona ukitua. Hakuusikia ukishika.

"Ingia!"

Vichwa vikagongana, na nyuma yao uzito wote wa wanaume ukasukuma. Kiganja kikateleza kwenye jezi kama samaki kwenye ndoo. Bega likazama, kichwa kikaelekea nyasi, na moto ukamshuka Tofali kutoka kisogoni mpaka kwenye nyayo. Skramu nzima ikalala.

Filimbi.

Alipojitoa chini ya miili, miguu ilichelewa. Ilitii, lakini ilichelewa, kama mtumishi aliyeanza kutafuta kazi kwingine.

"Tunarudia," refa akasema. "Namba moja, shika vizuri. Ukirudia ni adhabu."

Lile jitu lenye ndevu likamsogelea, likainamisha kichwa kana kwamba linarekebisha soksi.

"Kaka, hujanishika," likanong'ona.

"Nimekushika."

"Hujanishika. Mkono wako umelala kama kitambaa. Nikisukuma tena nakuua, na mimi sikuja hapa kuua mtu. Mwambie refa, tafadhali."

Adui anasema tafadhali! Kocha wako anakuuza, adui anakuombea. Tofali aliinua macho kwenye viti vya mbele. Mjomba alikuwa amekaa, kofia ameishika magotini. Dada alikuwa amesimama. Hakupiga kelele, hakupunga. Alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani, kama wanavyoweka wanawake habari ikishafika.

Tofali akageuka.

"Refa."

"Inama kwanza, halafu zungumza."

"Siinami, refa. Mkono wangu wa kushoto hauna hisia. Siwezi kumshika mtu."

Refa akaweka filimbi chini ya kidevu. "Umeumia sasa hivi?"

Hapa palikuwa na njia rahisi. Neno moja, ndiyo, na angetoka akiwa shujaa aliyejeruhiwa fainalini. Lakini ile ndiyo alikuwa amekwisha kuitumia yote kwenye chumba cheupe.

"La. Tangu mechi iliyopita. Nilificha."

Refa akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka ndani ya kiatu chake. Akaonyesha nje.

Umati haukusikia maneno. Uliona tu namba moja mpya anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, na ukaanza kuzomea. Walirusha chupa. Waliita majina. Tofali alitembea katikati ya kelele zile, na ajabu ni kwamba alijiona mwepesi. Kazi imekwisha, sawa. Radi imekwisha. Lakini shingo ipo, na sasa refa ataamuru skramu za kusimama tu. Hakuna wa kuumia tena.

Alipovuka mstari, akamkuta Mluzi amesimama, mikono nyuma. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha.

Mluzi akakunja midomo. Mluzi mdogo, mmoja.

Kwenye benchi, Kabati akainuka.

Alianza kuvua koti la mazoezi. Zipu ilimshinda. Mchezaji mwingine akamfungulia, kama anavyofunguliwa mtoto wa shule.

"Kocha," Tofali akasema. "Kocha, la! Huyu hawezi hata kukunja taulo!"

"Amewahi kuniambia anaumwa?"

"Daktari wako anajua!"

"Daktari alimuuliza. Akasema haumwi popote, kwa sauti, mlango ukiwa wazi." Mluzi hakumtazama. "Ungevumilia wewe, yeye angekaa. Umechagua wewe, si mimi."

Kabati alipita kati yao. Tofali akamkamata jezi kwa mkono wake mzima.

"Kaka, kataa. Mwambie refa, kama mimi. Sasa hivi."

"Wewe huna watoto," Kabati akasema taratibu. "Niachie, mdogo wangu. Huna kosa." Akajichomoa. Akaingia uwanjani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima taa aliyoisahau.

Umati ukamshangilia. Walimkumbuka! Jina lake likapigwa makofi kutoka jukwaa hili mpaka jukwaa lile, na ndani ya makofi hayo Tofali alipiga kelele mpaka koo likakwaruza, wala refa hakugeuka.

"Inama!"

Kabati akainama. Lile jitu lenye ndevu likatazama mikono ya mtu mpya, likatikisa kichwa.

Tofali alitafuta mtu wa kumwambia. Dada alikuwa anashuka ngazi za jukwaa anakimbia, anatikisa kichwa, la, la, la, kwa maana damu ni damu, alikwisha kujua ndugu yake anachotaka kufanya.

"Shika!"

Mkono wa Kabati uliruka, ukatua kwenye jezi ya adui, ukaning'inia.

Tofali akaruka mstari. Walinzi wawili wakamkosa. Akakimbia moja kwa moja kuelekea ile milima miwili ya nyama iliyobanana, akiwa na shingo yenye ufa na mkono mmoja, akiliita jina la Kabati katika uwanja uliokuwa ukiliita jina hilohilo kwa furaha.

Refa alikuwa amempa mgongo. Alikwisha kuvuta pumzi kwa ajili ya neno la tatu.